Mwanafunzi wa Dramatugia na Jina la Kazi Yake

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi za sanaa za maonyesho ambazo hazijapata makao katika Kiswahili, imo moja ambayo ukosefu wake hauwasumbui wafasiri peke yao, bali humsumbua zaidi kijana anayeianza kazi inayotajwa na istilahi hiyo. Wajerumani humwita mwenye kazi hiyo Dramaturg. Katika makala hii, mpaka tutakapofika mwisho, tutamwita dramatugi, na kazi yake tutaiita dramatugia. Si kwa kuwa tumekwisha kuridhika na majina hayo, bali kwa kuwa haiwezekani kukijadili kitu bila ya kukipa jina lolote.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo dogo. Mwanafunzi mmoja wa sanaa za maonyesho, katika chuo ambacho hatuna haja ya kukitaja, alipelekwa kufanya mafunzo ya vitendo katika kikundi cha ngoma. Barua aliyopewa ilimwita "mtunzi wa tamthilia". Mzee kiongozi wa kikundi alipokea shikamoo yake, akaisoma barua mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Haya mwanangu, hiyo tamthilia uliyotutungia iko wapi?" Binti hakuwa nayo, wala hakutumwa kuitunga. Akaeleza kwamba kazi yake ni kutazama mazoezi, kuuliza na kusaidia fikira. Mzee akasema, "Kumbe wewe ni mshauri," akaagiza aletewe kiti, kikawekwa mahali pa wageni wa heshima. Wiki nzima aliketi pale. Hakuna aliyemwuliza neno, naye hakujua ni wakati gani ana haki ya kusema. Wiki ya pili akakabidhiwa daftari la mahudhurio, maana ilionekana kuwa ndiye pekee asiye na kazi.

Hapana mtu aliyekosa adabu katika kisa hiki, na hapana aliyekuwa mvivu. Kilichokosa ni jina. La kwanza lilimdai kitu asichokuwa nacho. La pili lilimpa heshima asiyoihitaji na kumnyima kazi aliyoihitaji. Hoja yetu basi ni hii: istilahi ya kazi si lebo inayobandikwa baada ya kazi kufahamika. Kwa anayejifunza, ndiyo mlango wa kuingilia. Ikiwa mlango umechongwa vibaya, mwanafunzi atabaki barazani.

Asili ya neno

Neno hili lina asili ya Kigiriki cha kale, ambamo lilimaanisha mtu atungaye au atengenezaye mchezo. Maana hiyo ndiyo iliyobaki katika Kifaransa, Kihispania na Kirusi: katika lugha hizo tatu, neno la umbo hili humtaja mwandishi wa tamthilia. Wajerumani ndio walioigawa kazi mara mbili. Mwandishi walimwita Dramatiker, na neno Dramaturg wakamwekea mtu mwingine, yule anayefanya kazi ndani ya jumba la maonyesho ili asome, achague, atafiti na ahoji. Maana hiyo ya Kijerumani ndiyo iliyoenea baadaye katika vyuo na majumba ya Uingereza na Marekani. Kwa hiyo mfasiri anayelikuta neno hili katika waraka wowote hana budi kuuliza kwanza linazungumza lugha gani. Barua tuliyoitaja ilikosea hapo: ilichukua maana ya Kifaransa ikamvisha mtu wa kazi ya Kijerumani.

Anayehesabiwa kuwa wa kwanza katika kazi hii ni Gotthold Ephraim Lessing, aliyechukuliwa mwaka 1767 na jumba la maonyesho la taifa mjini Hamburg ili awe mhakiki wa ndani wa jumba hilohilo. Maandishi aliyoyatoa kati ya mwaka 1767 na 1769, yenye sehemu 104, yaliitwa Hamburgische Dramaturgie. Mambo mawili katika habari zake yanamfaa mwanafunzi wa leo. La kwanza ni kwamba Lessing alianza kwa kuwahakiki waigizaji hadharani. Waigizaji wakaudhika, naye akaacha, akabaki na tamthilia na nadharia zake. Yaani huyo wa kwanza alishindwa katika jambo lile lile linalowashinda wanaoanza: namna ya kusema alichokiona bila ya kumvunjia mtu heshima. La pili ni kwamba mwishoni mwa maandishi yale alieleza kuwa aliwahi kufikiria kuyaita kwa neno jingine la Kigiriki, didaskalia. Jina basi lilikuwa taabu tangu mwanzo.

Waingereza nao hawakulipata kwa urahisi. Kenneth Tynan alipoingia mwaka 1963 katika jumba la taifa mjini London, chini ya Laurence Olivier, alipewa cheo cha meneja wa fasihi. Na chama cha watu wa kazi hii kilichoundwa Marekani mwaka 1985 kilibeba majina mawili kwa pamoja, la mameneja wa fasihi na la madramatugi, kana kwamba waasisi hawakuthubutu kuchagua. Tunayataja haya ili msomaji asidhani kuwa Kiswahili ndicho pekee kilichochelewa.

Kazi yenyewe katika tamthilia

Istilahi haipimwi kwa kamusi tu. Hupimwa kwa kazi. Natuchukue mfano wa tamthilia inayofahamika na walimu wote, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969. Mwanafunzi wa dramatugia akiambiwa ashiriki katika kuionyesha, afanye nini?

Kwanza huisoma mara moja bila ya kalamu, kama mtazamaji aliyelipa kiingilio, na kuzingatia wapi amesisimka na wapi amechoka. Usomaji huo haurudi tena, na wanaoanza huupoteza kwa haraka ya kuonekana wasomi. Pili huisoma kwa kalamu, na kuandika maswali tu. Tatu hutengeneza jalada: habari za vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, Ngarambe na bonde la Rufiji, kilimo cha pamba walicholazimishwa wananchi, na imani juu ya maji. Lakini Hussein mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Kwa hiyo jalada si la kumfunga mwigizaji. Ni la kumpa mahali pa kukanyaga.

Kisha huja maswali yenyewe. Katika tamthilia hii, Kinjeketile aliyepagawa na Hongo anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, na baadaye tamko hilo linamtesa, maana ni uhuru gani wa kutoka kwa Mjerumani na kuingia kwa sultani? Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla ya vita. Watazamaji wa mwaka 1969, waliokuwa wameyaona Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 miaka mitano tu nyuma, hawakuhitaji kuelezwa uzito wa jina hilo. Mwanafunzi wa sekondari wa leo huenda akalisikia likapita kama jina jingine lolote. Likipita hivyo, uti wa mgongo wa tamthilia umevunjika bila ya mtu kusikia sauti. Je, lielezwe katika kijitabu cha onyesho? Lipewe kituo katika usemaji? Lionyeshwe kwa maleba? Dramatugi haamui. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwongozaji hafiki usiku wa kwanza bila ya kulikabili swali.

Mfano wa pili unawahusu wafasiri. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza humtaja mfanyabiashara, tena mmoja. Jina la Kiswahili limewataja mabepari, tena wengi. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Neno hilo moja limekwisha kuliongoza onyesho kabla ya mwongozaji kuitwa, kwa sababu mtazamaji anaingia ukumbini akitafuta kundi la watu wa kulaumiwa, si mtu mmoja mwenye huzuni. Hatusemi kwamba uteuzi ule ulikosea. Tunasema kwamba ulikuwa uamuzi wa kidramatugia, na kwamba anayeionyesha tafsiri ile leo lazima ajue kuwa uamuzi umefanyika, ili aufuate kwa hiari au auache kwa hiari. Mwanafunzi anayeweza kuuona uamuzi uliojificha ndani ya neno ameanza kazi.

Mazoezi yakianza, huketi kimya na kuandika. Maoni yake humpelekea mwongozaji peke yake, baada ya mazoezi, tena kwa umbo la swali. Hamwelekezi mwigizaji, hata akiombwa, kwani mwigizaji mwenye mabwana wawili hamtumikii yeyote. Hapo ndipo mwanafunzi wetu alipokwama: kiti cha mgeni wa heshima hakina mwongozaji wa kumpelekea maswali.

Kazi yenyewe katika ngoma

Wapo wanaodhani kwamba dramatugia inahitaji maandishi, na kwamba katika ngoma haina pa kushika. Historia inakanusha. Mchezaji na mtunzi wa Kijerumani Pina Bausch, aliyeanza kuongoza kundi la mji wa Wuppertal mwaka 1973, aliwauliza wachezaji wake maswali, nao wakajibu kwa maneno, kwa nyimbo na kwa miondoko. Majibu hayo ndiyo yaliyopangwa yakawa onyesho. Toka mwaka 1980 hadi 1990 alifanya kazi naye dramatugi aitwaye Raimund Hoghe. Hapakuwa na mswada wa kuhariri. Palikuwa na wingi wa majibu, na haja ya mtu wa kuyakumbuka na kuuliza lipi likae kando ya lipi.

Kwetu sisi jambo hili ni jepesi kulielewa kuliko kwa Wazungu, kama tutaisikiliza lugha yetu. Neno ngoma hutaja chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa, na pia shughuli nzima inayowakusanya watu. Utengano wa tamthilia na uchezaji ni wa kuletwa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho toka mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kimefundisha ngoma, muziki na maigizo chini ya paa moja. Kwa hiyo istilahi yoyote itakayolibeba neno "tamthilia" itakuwa imeikata nusu ya kazi, nayo ni nusu ambayo kwetu ni kubwa.

Mwanafunzi katika ngoma huanza kwa jedwali. Huandika dakika kwa dakika nani ameingia, mpigo umebadilika wapi, nani anamtazama nani, wimbo umeanza kabla ya mguu au mguu kabla ya wimbo. Huandika alichokiona kabla ya kuandika alichokifahamu. Halafu huwaendea wenye ngoma na kuuliza ilichezwa wapi, wakati gani, na nani, na kwa ajili gani.

Hapa liko suala linalowagusa maofisa utamaduni. Ngoma iliyozaliwa uwanjani huchezwa katikati ya watu, pengine usiku kucha. Ikitakiwa kumkaribisha mgeni rasmi hupewa jukwaa lenye upande mmoja na dakika kumi. Duara linakunjuliwa kuwa mstari, mgongo wa mchezaji unageuka kuwa kosa, na watu waliokuwa wakiitikia wanakuwa watazamaji. Je, ni nani anayeamua kipi kikatwe? Mara nyingi ni saa ya ukutani. Hatudai kwamba ngoma isipelekwe jukwaani. Kitu kisichobadilika hufa. Tunadai kwamba awepo mtu ambaye kazi yake ni kuuliza, kabla ya kukata, kama kinachokatwa ni pambo au ni moyo. Mtu huyo akikosa jina hawezi kuingizwa katika bajeti, na asipoingizwa katika bajeti hatakuwapo. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Majina yanayosikika

Tuyapime sasa majina tunayoyasikia yakitumiwa.

(a) Mtunzi wa tamthilia. Tumekwisha kulionyesha kosa lake. Linamnyang'anya mwandishi jina lake halali na kumbebesha mwanafunzi deni lisilolipika.

(b) Mhariri wa tamthilia. Lina nusu ya ukweli, kwani dramatugi hufupisha na kulinganisha matoleo. Lakini mhariri humaliza kazi kitabu kinapokwenda mtamboni, na dramatugi kazi yake hupamba moto hapo ambapo maandishi yamekwisha na mwili umeanza.

(c) Mshauri wa sanaa. Ni jina la kiofisi, na tunaogopa kwamba ndilo litakaloshinda tusipoangalia, kwa sababu halimuudhi mtu. Mshauri huitwa, husema, huondoka; ushauri wake ukipuuzwa hana hasara. Dramatugi hukaa tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na onyesho likianguka huanguka nalo.

(d) Jicho la nje. Ni tafsiri ya msemo wa kigeni. Husifu upya wa mtazamaji, lakini humfundisha mwanafunzi kujiweka mbali. Baada ya wiki tatu za mazoezi hayuko nje tena, na akijidai kuwa nje atakuwa mwongo. Afadhali methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa methali hii huponya kwa kuingia ndani.

(e) Manju. Wapo wanaotaka tulichukue neno hili la ngoma. Tunalipenda, lakini manju ndiye atungaye na aongozaye wimbo, na sauti yake husikika kuliko zote. Kumpa dramatugi jina hilo ni kumvisha kilemba cha mwenye shughuli.

(f) Dramatugi. Mkopo wenyewe hauna ubaya. Tumekopa mengi na lugha haikufa. Ubaya wake ni kwamba haulisemeshi neno jingine lolote la Kiswahili. Mzee wa kikundi akiusikia hapati mahali pa kuanzia, na mwanafunzi atalazimika kuueleza kila alfajiri.

Pendekezo

Tukitazama kazi zote tulizozieleza, tunaona kitendo kimoja kinachorudi. Dramatugi huweka vitu viwili kando kwa kando na kuuliza kama vinakubaliana: historia na mhusika, tafsiri na asili, neno na mwili, uwanja na jukwaa, kilichokusudiwa na kilichoonekana. Kiswahili kina kitenzi cha kitendo hicho, nacho ni kulinganisha, ambacho hubeba maana mbili kwa pamoja: kupima kitu kwa kingine, na kuvifanya viende sawa. Kwa hiyo tunapendekeza mlinganishi wa onyesho kwa mtu, na ulinganishi wa onyesho kwa kazi. Neno "onyesho" linachukua tamthilia na ngoma bila ya ubaguzi.

Pingamizi tunaziona. Walimu watasema kwamba tunazo tayari fasihi linganishi na isimu linganishi, na kwamba mlinganishi atadhaniwa kuwa mtaalamu wa nyanja hizo. Ndiyo sababu hatupendekezi neno moja peke yake, bali pamoja na kijalizo chake. Wengine watasema kwamba hulka ya kuhoji haimo katika jina hili, kwa kuwa kulinganisha kunasikika kama kusuluhisha. Pingamizi hili ni zito zaidi, na hatuna jawabu kamili. Tunaweza kusema tu kwamba hapana anayelinganisha kwa haki bila ya kuuliza, na kwamba ukali wa swali utatokana na mafunzo, si na jina. Atakayepata neno lililo na vyote viwili atakuwa ametushinda, nasi tutafurahi kushindwa.

Hitimisho

Tunaomba istilahi hii isiamuliwe mezani peke yake. Orodha zetu za istilahi mara nyingi hutungwa na watu wenye elimu ya lugha, mbali na mahali ambapo neno litafanya kazi, kisha tunashangaa kwamba halikutumika. Walimu wa sanaa za maonyesho waijaribu katika barua za mafunzo ya vitendo. Maofisa utamaduni waijaribu katika mialiko na makisio ya fedha. Wafasiri waijaribu katika sentensi ndefu na fupi. Ikigoma mdomoni, iachwe.

Sisi tumeijaribu mara moja. Tuliandika upya, kwa matumizi yetu, ile barua ya mwanafunzi: kwamba fulani ni mwanafunzi wa ulinganishi wa onyesho, kwamba ataketi kando ya mwongozaji wakati wa mazoezi yote, kwamba atawauliza wazee asili ya ngoma na kuandika majibu yao, na kwamba maswali yake atayapeleka kwa mwongozaji kila jioni. Tuliisoma kwa sauti mbele ya mzee mmoja wa ngoma, ambaye si yule wa kwanza. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mimi nikiwa na swali, nimpelekee yeye?" Barua yetu haikuwa na jawabu la swali hilo. Tumeirudisha mezani.